Kutoka Tenke mupaka Antwerp: nilienda kutafuta mwisho wa reli

Tangu nirudi kutoka Ulaya watu wananiuliza sokoni, kwenye gare, hata kwenye kilio: "Yaya, huko uliona nini?" Wengi wanataka kusikia juu ya theluji na manyumba marefu. Theluji sikuona, ulikuwa mwezi wa 10. Manyumba marefu, Lubumbashi pia iko nayo. Lakini kuko siku moja ambayo nilitembea peke yangu katika muji wa Antwerp, inchi ya Ubelgiji, na ile siku ninataka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu inahusu reli yetu, na inawahusu ninyi ambao muko hapa Tenke juu mulifukuzwa ao mulihamishwa fasi ingine.

Kwanza namna nilifika kule. Mwaka 2023 nilikuwa Uholanzi, majuma tatu, katika mafunzo ya waandishi wa redio za jamii. Mwishoni wenyeji wetu walitulipia safari ya siku mbili katika mashua ya watalii, ile inayopita katika mito na mifereji kutoka Rotterdam mupaka Antwerp. Musiwaze mashua za Bukama, zenye samaki kavu, mbuzi, na watu wamelala juu ya magunia ya muhogo. Hii ilikuwa nyumba ndefu inayoelea, vioo kila upande, kitambaa cheupe juu ya kila meza. Abiria wengi walikuwa wazee wanaokula pensheni yao, watu wa upole, wanaolala saa tatu ya usiku. Chakula kilikuwa kingi na hakikuwa na pilipili hata kidogo.

Siku ya ine asubui tulifunga kamba kwenye bandari ya zamani inayoitwa Kattendijkdok, upande wa kaskazini wa muji. Mashua ilipaswa kubaki pale kuanzia saa tatu ya asubui mupaka saa kumi na moja. Bisi ilikuwa tayari kutupeleka na kiongozi: katedrali, chokoleti, mutaa wa almasi, kisha kurudi kula. Nilimuambia musimamizi wetu kwamba mimi sipande bisi, ninatembea peke yangu. Alinitazama kidogo, akanipa ramani, tiketi ya tramu ya siku nzima na namba yake ya simu. "Saa kumi na moja mashua inaondoka," akasema, "haingojee mutu." Nikamuambia kwetu tulishazoea treni zinazongojewa siku tatu, saa nane za kutembea ni utajiri.

Sababu ya kuacha bisi ni muzee mumoja wa hapa kwetu, aliyetumikia reli miaka mingi. Mbele nisafiri aliniita akaniuliza: "Mutoto wangu, mukuba wote ule tulisukuma hapa, kule mwisho kuko nini? Ukifika, angalia."

Munajua reli ya kwetu. Inatoka Lubumbashi, inapita Likasi, inafika Tenke, na hapa inagawanyika. Mukono mumoja unaenda Bukama na Kamina mupaka Ilebo. Ule mwingine unaenda Kolwezi na Dilolo, unaingia Angola, unafika kwenye bahari ya Lobito. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na Ilebo mwaka 1928, wakati ule Ilebo iliitwa Port-Francqui. Njia ya Dilolo na Lobito ilifunguliwa mwaka 1931. Mukuba uliopita Ilebo ulishuka kwenye mashua katika muto Kasai na muto Kongo mupaka Kinshasa, ukapanda treni tena mupaka Matadi, kisha ukaingia meli. Uliopita Lobito ulienda baharini moja kwa moja. Njia zote mbili ziliachana hapa, karibu na pale wamama wanauzisha mandazi leo, na mukuba mwingi wa njia hizo mbili ulishuka Antwerp. Pembeni ya muji ule, kwenye muto Schelde ambao wenye kusema Kifaransa wanauita Escaut, kuko kiwanda cha Hoboken. Wakati wa Union Minière, Hoboken na kiwanda kingine cha Olen ndivyo vilisafisha mali ya Katanga. Hoboken ndiyo nilitaka kuona kwa macho yangu.

Lakini mbele ya kufika tramu, dakika chache tu kutoka mashua yetu, nilikuta nyumba ya matofali mekundu yenye munara. Ni makumbusho ya Red Star Line. Nilisoma bango la inje, kisha nikalipa nikaingia, na nilibaki mule zaidi ya saa moja.

Red Star Line ilikuwa kampuni ya meli. Kuanzia 1873 mupaka 1934 ilivusha watu karibu milioni mbili kutoka Antwerp kwenda Amerika. Hawakuwa watalii. Wengi walikuwa masikini wa Ulaya ya mashariki, Wayahudi waliokimbia kuuawa na kuchomewa manyumba, wakulima waliokosa udongo, watu waliouzisha ng'ombe wa mwisho kusudi wapate tiketi. Walifika kwa treni na mablanketi yao, wakalala fasi walipata. Halafu, wale wa daraja la tatu, mbele ya kupanda meli waliingizwa katika nyumba zilezile nilizosimama ndani. Nguo na masanduku yao yalipelekwa katika mashine kubwa za mvuke kuua wadudu. Wao wenyewe walivua, wakaoga kwa sabuni na dawa, kisha daktari akawaangalia kichwa, ngozi na macho. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma. Mutu akikataliwa na Wamarekani kule New York, kampuni ilipaswa kumurudisha kwa falanga zake yenyewe.

Kuko hadithi ya mutoto mwanamuke wa miaka 9. Alivuka na mama yake na ndugu zake. Mama akaingia, ndugu wakaingia, yeye akakutwa na ugonjwa wa macho, akarudishwa peke yake kuvuka bahari mupaka Antwerp. Picha yake iko pale, jina lake liko pale, na imeandikwa miaka ngapi ilipita mbele ya kuona mama yake tena. Katika kile chumba kuko pia habari za Albert Einstein. Alishuka Antwerp kutoka meli ya kampuni hii mwaka 1933, na kwa sababu Hitler alikuwa ameshika Ujerumani, hakurudi tena kwao. Lakini mutoto ndiye aliniumiza zaidi. Einstein alikuwa na watu wa kumupokea.

Mimi sikujua kwamba Wazungu walikuwa hivi. Nilijua kwa kusoma, ndiyo, lakini kusoma si kuona sanduku. Kuko masanduku ya kweli mule, ya mbao na ya ngozi, yamefungwa kamba, na moja linafanana kabisa na lile mama mumoja wa hapa Tenke anachunga chini ya kitanda chake tangu 1993. Wale wenye umri wangu na zaidi munakumbuka gare za Likasi na Kolwezi miaka 1992 na 1993, familia za Kasai zilizofukuzwa, zikalala inje miezi na miezi kungojea treni. Watoto walizaliwa pale kwenye saruji. Watu walikufa pale. Hakuna picha kwenye ukuta wa gare, hakuna jina. Kisha walifika wengine: wa Mitwaba, wa Pweto na wa Manono waliokimbia vita, wa Kasai tena tangu 2016 na 2017, na sasa wa Kivu. Kila mutu anachunga hadithi yake chini ya kitanda kama lile sanduku.

Nilitoka mule nikashuka kwenye gati ya muto. Schelde ni muto wa rangi ya udongo, haupendeze kama Lualaba, lakini ni mupana na unapanda na kushuka pamoja na bahari. Gati ni ndefu sana. Kutoka muji huu ndipo meli za Kongo ziliondoka kuanzia 1895, kwenda Matadi, na ziliitwa kwa majina ya miji yetu ya wakati ule: Léopoldville, Albertville, Elisabethville. Mutu wa Lubumbashi angeweza kuona jina la muji wake linaelea hapa, na yeye mwenyewe hana ruhusa ya kupanda.

Nilikaa kwenye benchi juu nilikuwa ninawaza mutu mumoja ambaye kila mwandishi wa habari wa Kongo angepaswa kujua. Jina lake Edmund Morel. Alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, Uingereza, na kwa sababu alijua Kifaransa walikuwa wakimutuma Antwerp kuangalia hesabu. Ni mwisho wa miaka ya 1890, wakati Leopold wa Pili alikuwa mwenye Kongo yote. Morel alisimama kwenye gati akaangalia. Meli zilizotoka Kongo zilijaa mupira na pembe za tembo. Meli zilizorudi Kongo zilibeba bunduki, risasi na maofisa, na bidhaa za biashara kidogo sana. Karani akapiga hesabu. Kama mali nyingi hivi inatoka na hakuna kitu cha kuilipa kinachoingia, basi wale wanaokata mupira hawalipwe. Wanalazimishwa kwa bunduki. Hakuwa amefika Kongo hata siku moja, na hakufika kamwe. Alijua kwa kuhesabu vitu vinavyotoka na vitu vinavyoingia. Mwaka 1901 akaacha kazi, akaanza kuandika, mwaka 1904 wakaanzisha chama cha kutetea watu wa Kongo, na mwaka 1908 Leopold akalazimika kuachilia Kongo mikononi mwa inchi ya Ubelgiji. Ubelgiji nayo tunaijua. Lakini mupira wa damu ulisimamishwa, na kazi ile ilianza na karani mwenye kalamu.

Mimi pia nilihesabu, kama mutoto anayecheza. Kwa nusu saa zilipita mashua ine za muchanga, tatu za kontena, moja ya watalii kama yetu. Ndani ya kontena kuko nini, hakuna mwenye kuona. Kwetu makamyo yanayoenda Kasumbalesa pia yanafunikwa na turubai.

Katikati ya muji sikukawia. Katedrali iko pale, munara wa mita 123, mulio wa kengele unasikika fasi zote. Yule anayependa makanisa atafurahi. Mbele ya nyumba ya meya, kwenye uwanja unaoitwa Grote Markt, kuko sanamu ya kijana anayetupa mukono uliokatwa. Wanasema zamani jitu moja lilikuwa likikata mikono ya wenye mashua waliokataa kulipa kodi ya muto, na askari Brabo akalikata mukono wake likakoma. Kwa hiyo katika maduka wanauzisha biskuti na chokoleti zenye mufano wa mukono. Nilisimama mbele ya kioo cha duka moja na mikono yote ile midogo imepangwa kwenye sahani. Watu wa Antwerp watakuambia hadithi hii ni ya zamani kuliko Kongo, na ni kweli kabisa. Lakini mutu wa kwetu, aliyeona zile picha za wakati wa mupira, hawezi kula ile chokoleti. Nilinunua vipande vya kawaida vya kuletea watoto.

Pale karibu na muto kuko kitu ambacho kiongozi wa bisi hakuonyesha, nami ninakiandika kwa ajili ya wachimbaji wanaosoma. Ni tunel ya watu wa miguu inayopita chini ya Schelde, ilifunguliwa mwaka 1933, inaitwa Sint-Anna. Unashuka kwa ngazi zinazotembea zenyewe, na hizo ngazi ni za mbao, za tangu ule mwaka, zinalia kriii kriii. Halafu ni bomba nyeupe ya mita 572, imeshonwa na vigae, taa kila fasi. Wamama wanapita na watoto, vijana wanapita na kinga zao. Hakuna anayelipa. Chini kabisa ni mita 31 na zaidi. Hapa kwetu sheria ya machimbo inasema muchimbaji wa mukono asipite mita 30, na tunajua wanapita, na tunajua nani haokotwe. Nilitembea mule mupaka katikati, nikasimama. Maji ya muto muzima yalikuwa juu ya kichwa changu na sikusikia hata tone. Ndugu yangu anayeshuka kwa kamba na taa ya kichwa, bila mbao za kushikilia ukuta, nilimuwaza sana. Wenye kujua kuchimba fasi nzuri walijua tangu zamani. Ni kwamba hawakuchimba hivyo kwa ajili yetu.

Neno moja juu ya luga, kwa wale watakaosafiri. Antwerp wanasema Kiflama, si Kifaransa, na wengine hawapende Kifaransa kwa sababu zao za siasa. Mimi niliuliza njia kwa Kifaransa changu cha Katanga, kijana akanijibu kwa Kiingereza. Sisi tulifundishwa kwamba Kifaransa ndiyo luga ya Wabelgiji. Nusu ya Wabelgiji na zaidi hawakuambiwa.

Saa saba nilipanda tramu ya Hoboken. Ni kusini, na njia inaacha muji wa watalii pole pole: maduka ya chokoleti yanakwisha, yanaanza maduka ya simu, ya nyama halali, ya nywele. Nilishuka nikatembea kwa ramani mupaka mutaa unaoitwa Moretusburg. Ni nyumba ndogo za matofali zimeshikamana, zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Kama munajua kampi za Gécamines za Kolwezi, munajua Moretusburg. Tofauti ni matofali na mvua. Na nyuma ya nyumba, ukuta, mabomba, moshi kidogo mweupe. Nikajiambia: muzee, hapa ndipo mwisho wa reli yako.

Mukuba wetu hauko tena pale. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Mobutu alitwaa mali yake ya Katanga mwaka wa 1967 mwanzoni, ndipo Gécamines ikatokea. Kule Ubelgiji kampuni ilibaki, ikajiunga na kiwanda cha Hoboken, na tangu 2001 inaitwa Umicore. Leo Hoboken wanayeyusha vitu vya zamani kusudi watoe zahabu, feza, mukuba na vyuma vingine vya bei: vipande vya kompyuta, simu zilizokufa, mabaki ya viwanda vingine, hata betri. Kwa hiyo kobalti iliyotoka Kolwezi inaweza kufika pale kwa njia ya mufuko wa mutu, kisha kuanza maisha ya pili. Sisi tunaona maisha ya kwanza tu.

Nilipokuwa ninaangalia ukuta, mama mumoja muzee alitoka na kitambaa chenye maji, akaanza kupanguza dirisha. Alikuwa mwenye asili ya Maroko, na Kifaransa alijua. Aliniuliza ninatafuta nani. Nikamuambia ninatoka Katanga, fasi ambayo mawe ya kiwanda hiki yalikuwa yakitoka. Akacheka, akasema, "Binti yangu, basi wewe ndiye ulituletea haya mavumbi." Tukazungumuza pale mulangoni karibu nusu saa.

Alinieleza kwamba mavumbi yale yako na risasi, si ile ya bunduki, ile chuma nzito. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 watoto wadogo wa mutaa wanapimwa damu, mara mbili kwa mwaka, na kila mara hesabu inatangazwa. Mwaka 2020 hesabu ilipanda kwa nguvu. Ikawa kelele: wazazi, madaktari wa mutaa, magazeti, meya. Kisha kampuni ikasema itanunua nyumba za karibu kabisa na ukuta, kwa wenye kutaka kuuzisha, kusudi zivunjwe na pandwe miti. Jirani zake kadhaa walikubali wakaenda. Yeye alibaki. Bwana wake alitumika kiwandani, watoto wake walizaliwa katika chumba cha juu, na kwa umri wake hakutaka kuanza kujua majina ya jirani wapya. Wajukuu wanapomutembelea wanavua viatu mulangoni, wananawa mikono, na mboga ya bustani hawale. Kupanguza ni kwa kitambaa chenye maji, kamwe si fagio.

Nilisikia kila neno na nilikuwa ninaona watu wa kwetu. Wale wa vijiji vilivyohamishwa karibu na machimbo munajua mazungumuzo haya: mutu anakuja na karatasi, anahesabu miti ya maembe, anauliza shamba ni la nani, anasema bei. Munajua pia ule anayekubali na ule anayebaki, na namna wawili hawa hawasalimiane tena. Sikuwaza kwamba mutu wa Ulaya, mwenye nyumba ya matofali na ngazi, anaweza kuwa na karatasi kama yenu.

Halafu akaniuliza kitu ambacho kilinifunga kinywa: "Na kwenu, watoto wanapimwa mara ngapi?"

Nilimuambia ninachojua. Maprofesa wa Lubumbashi na wa Leuven, chuo kikuu cha Ubelgiji huohuo, walikuja Katanga wakapima mikojo ya watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda. Matokeo yalitoka mwaka 2009, na kobalti ilikuwa nyingi sana. Kisha walienda Kolwezi, mutaa wa Kasulo, kule watu walichimba kobalti chini ya manyumba yao, wakakuta watoto wako nayo nyingi kuliko watu wakubwa. Hayo yalitoka mwaka 2018, kwa Kiingereza, katika gazeti la wenye elimu. Wakati ule sehemu ya Kasulo ilikuwa imekwisha kuvunjwa na kufungwa ukuta, na familia mia kadhaa zilihamishwa tangu 2017. Ni kazi nzuri ilifanywa na wale maprofesa, mimi ninawaheshimu. Lakini mama wa Moretusburg anajua hesabu ya mujukuu wake, inaandikwa kwenye karatasi yenye jina la mutoto, na baada ya miezi sita anaweza kulinganisha. Mama wa Kasulo aliyehamishwa, karatasi yake iko wapi? Na hapa Tenke, mupaka leo, mimi sijaona mama hata mumoja mwenye karatasi kama ile.

Yule mama hakusema kwamba kampuni ni nzuri ao mbaya. Alisema, "Wanatupima kwa sababu tulipiga kelele, si kwa sababu walitupenda." Akanipa maji ya kunywa, ya chupa.

Nilirudi kwa tramu, nikafika kwenye mashua na dakika makumi ine mbele. Wenzangu walikuwa wamekula vizuri na wamenunua mikono ya chokoleti. Yule mwenzangu wa Burkina Faso alinionyesha picha za almasi kwenye vioo, nami nikamuonyesha picha ya ukuta. Tulicheka.

Muzee wa reli nilimupelekea jibu siku ya kwanza ya kurudi. Nilimuambia kule mwisho kuko ukuta, nyumba ndogo kama za kampi, na mama anayepanguza dirisha. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama ule mama anapata maji ya bomba. Ndiyo, nikasema. "Basi si kama hapa kabisa," akajibu.

Tangu mwezi wa 11 tumeanza kitu katika redio. Tuko na daftari mbili kubwa. Katika ya kwanza, vijana watatu wanahesabu makamyo yanayopita barabarani, saa moja kila siku, saa ileile, yanayotoka na yanayoingia, na tunasoma hesabu kila siku ya posho kisha matangazo ya kilio. Hatusemi ndani yake kuko nini, hatuone chini ya turubai. Tunasoma hesabu tu. Ya pili ni ya watu: jina la kijiji ulichoacha, mwaka, watu wangapi mulitoka, wangapi mulifika. Ukitaka, unaacha pia jina la yule aliyebaki njiani. Mama mumoja wa kutoka upande wa Mitwaba alikuja na majina 26 kichwani, bila karatasi, akayasema moja kwa moja kama mutu anayehesabu kuku wake jioni. Familia ine zilizohamishwa na machimbo zimeandika miti yao, kwa hesabu yao wenyewe.

Na juu ya damu ya watoto, tumeandikia kituo cha afya tukiuliza kitu kimoja: kipimo cha vyuma kinaweza kufanywa wapi, na bei yake ni ngapi? Jibu likifika nitalisoma hewani na kuliandika hapa, hata likiwa baya.

Daftari ya watu iko kwenye studio, meza ya kwanza karibu na mulango, kuanzia siku ya kwanza mupaka siku ya tano, asubui. Wasiojua kuandika, sisi tunaandika. Kalamu iko, lakini inaibwa kila juma. Mwenye nayo aje na yake.